Jinsi ya Kushiriki Tuzo ya Ushairi kwa Waandishi Wenye Asili ya Afrika: Mwongozo Kamili kwa Mshairi wa Kiswahili

Tuzo ikifungwa na orodha fupi ikitoka, swali huwa lilelile: "Mbona mimi sikuitwa?" Ukimwomba muulizaji akuonyeshe alichotuma, mara nyingi jibu limo ndani ya faili lake. Jina limeandikwa juu ya kila ukurasa ilhali kanuni zimekataza. Mashairi ni saba, yalitakiwa kumi. Shairi la tatu lilikuwa Facebook tangu mwaka jana. Hayo ni makosa ya kukutoa kabla jaji hajasoma hata ubeti mmoja.

Mwongozo huu ni wa tuzo za aina mbili: zile zinazotaka fungu la mashairi, kama Tuzo ya Evaristo ya Ushairi wa Kiafrika (zamani ikiitwa Tuzo ya Brunel), ambayo hutaka mashairi kumi, na zile zinazotaka mswada mzima, kama Tuzo ya Sillerman ya kitabu cha kwanza, ambayo hutaka kurasa zisizopungua 50. Hatua ni zilezile, tofauti ni ukubwa wa mzigo.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Kanuni za tuzo za mwaka huu, zilizohifadhiwa kwenye simu au kuchapwa. Za mwaka jana hazifai, hata kama zinafanana.
- Mashairi zaidi ya yanayotakiwa. Kwa tuzo ya mashairi kumi, uwe na kumi na matano au ishirini ya kuchagulia.
- Kompyuta, hata ya kuazima kwa saa chache. Simu inafaa kuandikia rasimu. Kupangia faili la tuzo kwenye simu ni kujitafutia balaa.
- Anwani ya barua pepe unayoifungua kila siku, yenye jina la heshima.
- Wasifu mfupi wa maneno 50 hadi 100.
- Jedwali lenye safu nne: jina la shairi, lilipotumwa, tarehe, lilipochapishwa.
- Msomaji mmoja asiyekuonea haya.

Pasipoti au kitambulisho kiwe karibu pia. Huenda usikitumie siku ya kutuma, lakini ukiingia orodha fupi unaweza kutakiwa kuthibitisha uraia au asili yako.

## Hatua ya 1: Hakikisha tuzo inakuhusu

Maneno "mwandishi wa Afrika" na "mwandishi mwenye asili ya Afrika" hayana maana moja mbele ya waandaaji. Soma fasili yao wenyewe.

Tuzo za African Poetry Book Fund, mfuko wa vitabu vya ushairi wa Kiafrika ulioanzishwa Chuo Kikuu cha Nebraska, Marekani, humhesabu mtu kuwa Mwafrika akiwa amezaliwa Afrika, au ni raia au mkazi wa nchi ya Afrika, au wazazi wake ni Waafrika. Kwa hiyo aliyezaliwa Muscat na wazazi kutoka Unguja anaingia kwa mlango wa wazazi. Lakini mshairi wa Jamaika au Brazili ambaye mababu zake walichukuliwa utumwani karne zilizopita anaweza kukosa mlango hapo. Yeye atafute tuzo zinazosema wazi "wenye asili ya Afrika" au "washairi weusi", kama Tuzo ya Cave Canem ya Marekani, ambayo ni ya kitabu cha kwanza.

Sharti la pili linalowaangusha wengi ni la diwani. Tuzo nyingi za aina hii ni za watu ambao bado hawajachapisha diwani kamili. Shairi lako kuwemo ndani ya mkusanyo wa watu wengi hakukufanyi mwenye diwani. Kijitabu cha kurasa 25 au 30 kwa kawaida nacho hakihesabiwi, kwani huko nje diwani kamili huanza kuhesabiwa kwenye kurasa 48 hivi. Kitabu ulichojichapishia mwenyewe ni suala la tuzo na tuzo: nyingine hukisamehe, nyingine hapana. Na kama diwani yako ni ya Kiswahili na kanuni hazitaji lugha, usijipe ruhusa mwenyewe. Waandikie uwaulize kwa sentensi mbili, kisha utunze jibu.

Tahadhari ya ada. Kushiriki Tuzo ya Sillerman ni bure. Zipo tuzo halali zinazotoza kiasi kidogo, hasa Marekani, kwa hiyo ada peke yake si ushahidi wa utapeli. Shtuka ukiona mojawapo ya haya: kila aliyetuma "amechaguliwa" na sasa anatakiwa anunue kitabu, mshindi anatakiwa alipe ili zawadi itolewe, au kwa kutuma tu unakabidhi haki zote za mashairi yako milele.

Ukimaliza hatua hii uwe na sentensi moja unayoweza kuiandika bila kusita: "Naingia kwa sababu mimi ni raia wa nchi fulani, na sijachapisha diwani kamili." Ukianza kuongeza "ila" na "lakini", simama kwanza.

## Hatua ya 2: Zisome kanuni ukiwa na kalamu mkononi

Andika kwenye karatasi moja: idadi ya mashairi, ukomo wa mistari kwa kila shairi, lugha, aina ya faili, kama jina linaruhusiwa, kama mashairi yaliyokwisha kuchapishwa yanakubalika, na siku ya mwisho.

Kumi ni kumi. Ukituma tisa mazuri na kuacha la kumi kwa kuogopa kuharibu fungu, umejitoa. Ukituma kumi na moja ili jaji "achague", umejitoa vilevile.

Kuhusu saa, hapa msomaji wa Kiswahili ana mitego miwili. Wa kwanza: kanuni zikisema 11:59 usiku, hiyo ni saa sita kasoro dakika moja ya usiku, si saa kumi na mbili kasoro dakika moja. Wa pili ni majira. Kama saa inayotajwa ni ya New York, wakati wa baridi huko kwao Afrika Mashariki iko mbele kwa saa nane, na wakati wa joto huko kwao kwa saa saba. Ikiwa ni saa ya GMT, sisi tuko mbele kwa saa tatu. Hesabu hizo zifanye mara moja, uziandike, kisha ujiwekee mwisho wako mwenyewe siku mbili kabla. Tovuti huelemewa saa za mwisho, na umeme hauna adabu.

## Hatua ya 3: Amua lugha mapema

Kama mashairi yako ni ya Kiswahili na unataka yabaki hivyo, tuzo ya kuiangalia kwanza ni Tuzo ya Safal-Cornell ya Kiswahili (ilianza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell), ambayo hupokea miswada ya Kiswahili, ushairi ukiwemo.

Tuzo ya Sillerman hupokea kazi iliyo kwa Kiingereza, lakini tafsiri inakubalika, na asilimia fulani ya zawadi humwendea mtafsiri. Kwa hiyo hata kabla ya kutuma, kubaliana na mtafsiri kwa maandishi: ni mashairi yapi, jina lake litatajwa vipi, na anajua kuhusu mgawo. Urafiki mwingi wa kifasihi umevunjika siku ya ushindi.

Mashairi yapi yatafsiriwe? Shairi ambalo uzuri wake wote umo kwenye vina na mchezo wa maneno litafika ng'ambo likiwa mifupa. Usimlazimishe mtafsiri apachike vina vya Kiingereza kila mshororo, maana matokeo yake huwa kama wimbo wa chekechea. Chagua mashairi yenye picha kali, hoja inayosogea, au sauti ya mtu anayezungumza. Kibwagizo huvuka vizuri kuliko kina. Majibizano ya watu wawili nayo huvuka vizuri, na hapo malenga wa Kiswahili ana hazina kubwa kuliko anavyodhani.

Tafsiri ya mashine usiitume. Majaji husoma tafsiri nyingi na harufu yake wanaijua. Baadhi ya tuzo sasa zina kifungu kinachokataa kazi ya akili bandia, kwa hiyo kitafute kifungu hicho kwenye kanuni.

Suala la mistari. Shairi la tarbia la beti nane lina mishororo 32. Lakini wengi huandika ukwapi (nusu ya kwanza ya mshororo) mstari wake na utao (nusu ya pili) mstari wake, na papo hapo mistari inakuwa 64. Kama ukomo ni mistari 40, shairi lako limetoka kwa sababu ya kitufe cha Enter. Andika mshororo mzima pamoja:

*Nimesimama langoni, na ufunguo sinao,*
*Sauti i mle ndani, yaniita kwa kilio.*

Utenzi una hesabu yake: beti kumi za vipande vinne tayari ni mistari 40. Ukitaka kutuma kipande cha utenzi mrefu, hakikisha kinajitegemea. Kumwandikia jaji "huu ni mwanzo tu, mwendelezo upo" ni kumwambia kwamba shairi halijaisha.

## Hatua ya 4: Chagua na upange mashairi

Hapa ndipo tuzo inapopatikana au kupotezwa kwa haki, kwa hiyo usiharakishe.

Chapa mashairi yote ishirini na uyatandaze sakafuni. Yasome kwa sauti, kwa siku tofauti. Yagawe mafungu matatu: ambalo ungelitetea mbele ya mtu yeyote, ambalo unalipenda ila hujui kwa nini, na ambalo limo kwa sababu tu unalo. La tatu liondoke leo.

Sasa toa haya bila huruma. Shairi la hafla: harusi, hitima, kumpongeza mheshimiwa. Lilifanya kazi yake siku ile, na kwa asiyewajua wahusika limekwisha. Shairi la mawaidha ambalo kila ubeti unamfundisha msomaji tabia njema. Tuna mapokeo makubwa ya mawaidha, siyadharau, ila fungu la kumi lenye mawaidha saba linachosha kufikia la tatu. Na lile shairi la "Afrika mama yangu" lenye ngoma, mbuyu na jua la utosi. Majaji wa tuzo za Afrika ndio watu wanaolipokea shairi hilo kuliko watu wengine wote duniani. Kama unalo la mama yako hasa, mwenye jina na kikohozi chake, hilo ndilo la kutuma.

Ukiwa na mashairi mawili juu ya jambo moja, chukua lililo bora na uache pacha wake, isipokuwa umeyaandika kama mfululizo na yanajibizana.

Kuhusu mpangilio, wapo wanaoshauri kuficha shairi bora mwishoni ili kuacha ladha. Sikubaliani nao. Jaji ana mafungu mengi na macho mawili. La kwanza liwe bora kabisa, la pili lioneshe kwamba la kwanza halikuwa bahati, na liwe tofauti nalo kwa umbo au sauti. La mwisho liwe miongoni mwa matatu yaliyo bora. Kama kuna shairi unalitafutia mahali pa kulificha katikati, hilo halikupaswa kuwemo.

Kisha fanya jaribio hili: nakili mshororo wa kwanza tu wa kila shairi, kumi zikifuatana. Je, matatu yanaanza na "Ewe"? Manne yanaanza na swali? Fanya hivyo kwa mishororo ya mwisho pia. Utaona mazoea yako yamepangwa mstari mmoja, na ni hapo ndipo kazi ya kusahihisha huanza kwa kweli.

Mpe msomaji wako fungu zima bila maelezo. Usimuulize kama amelipenda. Muulize ni shairi gani analikumbuka kesho yake. Fungu likiwa tayari, atataja mawili au matatu, na mtu mwingine atataja mengine. Wote wakitaja hilohilo moja, una shairi moja zuri na tisa za kuendelea kuzifanyia kazi.

## Hatua ya 5: Pekua historia ya kila shairi

Kwa waandaaji wengi, "kuchapishwa" si kitabu tu. Ukurasa wako wa Facebook au Instagram, blogu, jarida la mtandaoni na gazeti lenye safu ya mashairi vinaweza kuhesabiwa. Kanuni nyingine hazijali, hukubali yaliyochapishwa na yasiyochapishwa. Nyingine hukata mara moja.

Nakili mshororo mmoja wa kila shairi, uuweke ndani ya alama za kunukuu, na uutafute Google. Kufuta chapisho usiku wa kuamkia siku ya mwisho hakusaidii sana, kwa sababu waliolisambaza hawajafuta. Badala yake weka shairi jingine.

Angalia pia kama unaruhusiwa kutuma mashairi hayohayo kwingine kwa wakati mmoja. Ukiruhusiwa, jedwali lako ndilo litakalokuokoa.

## Hatua ya 6: Tengeneza faili

1. Ukurasa wa A4, herufi za kawaida kama Times New Roman au Garamond, ukubwa wa 12. Mapambo, picha na rangi waachie watengeneza kadi.
2. Kila shairi lianze ukurasa mpya, kwa amri ya kukata ukurasa, si kwa kubonyeza Enter mara ishirini. Ukitumia Enter, faili likifunguliwa kwenye kompyuta nyingine mashairi yatapanda juu ya mengine.
3. Usitenganishe ukwapi na utao kwa kitufe cha Tab ili upate safu mbili. Safu hizo huvurugika. Koma inatosha.
4. Weka nambari za kurasa. Kwa mswada mzima, ongeza ukurasa wa kwanza wenye jina la mswada tu, na yaliyomo.
5. Kama usomaji ni wa siri, ondoa jina lako kila mahali: juu, chini, kwenye shukrani, kwenye tabaruku, hata kwenye ubeti wa mwisho. Desturi yetu ya kujitaja kwenye kaditama ("Mimi fulani bin fulani, hapa ninakomea") ni nzuri, na kwenye tuzo ya siri itakutoa.
6. Ondoa jina lililojificha. Word huhifadhi jina la mwenye kompyuta ndani ya sifa za faili. Nenda menyu ya faili, sehemu ya maelezo, ukague hati na ufute taarifa binafsi.
7. Hifadhi kama PDF, isipokuwa wameomba Word. Jina la faili liwe la fungu au mswada, kwa mfano *Langoni.pdf*. Epuka *Mashairi ya Juma mwisho mwisho kabisa 3*.

Sasa litume faili kwenye simu ya mtu mwingine alifungue. Mistari ikatike palepale ulipoikata, kila shairi liwe na ukurasa wake, na ukitafuta jina lako ndani ya hati lisipatikane hata mara moja.

## Hatua ya 7: Wasifu na barua

Andika kwa nafsi ya tatu: wewe ni nani, unaishi wapi, kazi zako zimetoka wapi kama zimetoka. Kama hujachapisha popote, sema unachofanya na uishie hapo. Tuzo hizi ni za wanaoanza, na ukimya huo hautakuhukumu. "Amependa ushairi tangu utotoni" ifutwe, kila mtu anayo.

Wasifu uwekwe kwenye kisanduku chake ndani ya fomu, si ndani ya faili la mashairi.

## Hatua ya 8: Tuma

Tuzo nyingi hupokea kupitia Submittable, tovuti ya kutumia kazi kwa waandaaji. Fungua akaunti wiki moja kabla, uithibitishe kwa barua pepe, na utafute kipengele sahihi, maana taasisi moja inaweza kuwa na vipengele kadhaa wazi kwa wakati mmoja na watu hutuma kwenye kisicho chao.

Kwenye fomu andika jina lako la kwenye hati, hata kama unatumia jina la kalamu. Jina la kalamu litaje kwenye wasifu. Malipo ya benki hayamjui "Malenga wa Bahari".

Kabla ya kubonyeza, rudi kwenye ile karatasi ya hatua ya pili na uweke alama mbele ya kila sharti. Ukishatuma, piga picha ya skrini na usubiri barua pepe ya kuthibitisha. Isipoingia ndani ya siku moja, angalia kwenye barua taka kabla ya kutuma upya. Kutuma mara mbili nako ni kosa kwenye kanuni nyingine.

## Hatua ya 9: Kipindi cha kusubiri

Hali ya maombi kubaki "imepokelewa" kwa miezi haimaanishi umesahaulika. Usiwaandikie kila wiki. Waandikie tu shairi lako mojawapo likikubaliwa kwingine, ili uliondoe.

Ukiingia orodha fupi, jibu siku hiyohiyo. Watataka picha, wasifu na pengine uthibitisho wa uraia. Ukishinda tuzo inayolipwa na taasisi ya Marekani, unaweza kutakiwa kujaza fomu ya kodi ya W-8BEN, ambayo ni ya watu wasio raia wala wakazi wa nchi hiyo. Ni ya kawaida, isikutishe. Lakini mtu akikutaka nambari ya siri ya kadi, au "ada ya kutolea zawadi", kata mawasiliano.

Usipoingia, fungua jedwali na uyaweke huru mashairi yote kumi siku hiyo. Badilisha mawili au matatu yaliyo dhaifu na uangalie kalenda: dirisha la Sillerman kwa kawaida hufunguliwa tarehe 15 Septemba na kufungwa tarehe 1 Desemba, na fungu la kumi lililopangwa vizuri linaweza kuwa kiini cha kurasa 50.